Ampli Mbili kwenye Mahari ya Neema

Nikisikia harufu ya plastiki ya waya iliyoshika moto wa kibiriti, mimi hurudi mara moja uani kwetu mjini Baraka, siku ya mahari ya dada yangu Neema. Baba alikuwa amechuchumaa nyuma ya bafle zetu mbili, yale masanduku ya sauti marefu kuliko mimi, akichoma ncha za waya na kuvuta ganda kwa meno. Mama alishamkataza hayo meno. Hakusikia.

Tatizo lilikuwa la kindugu. Kwetu mtu haji kwenye sherehe ya ndugu yake mikono mitupu: mwenye muhogo huleta muhogo, mwenye ampli, ile mashine ya kukuza sauti, huleta ampli, na ukikikataa kitu chake umemkataa mwenyewe. Sasa kaka yake Baba, Baba Mukubwa Asukulu, alishuka kutoka Fizi na ampli yake imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Mdogo wao, Baba Mudogo Wilondja, akatokea Lulimba na ya kwake, mpya, yenye taa za buluu. Muziki ulihitaji moja tu, na wawili hawa hawakuwa wakisalimiana tangu wagombanie shamba la babu. Na mahari haipokelewi kwetu bila ndugu wote wa baba kukaa kwenye mkeka mmoja. Akikosekana mmoja, wakwe hurudi na mbuzi wao. Neema alikuwa chumbani analia kabla hata hawajafika.

"Weka ya kwangu. Mi njo mukubwa," alisema Baba Mukubwa.

"Kama yangu haina kazi, mi narudia Lulimba sasa hivi," akajibu Baba Mudogo, akimtazama Baba.

Mama alisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, akarudi kwenye vyungu vyake. Baba aliinama tena kwenye waya zake. Nilidhani ni woga, nikamwonea aibu.

Nyuma ya kila bafle kulikuwa na vishikizo vinne vya waya: viwili vya juu kwa sauti nyembamba, viwili vya chini kwa besi, na vibati vya shaba vikiunganisha juu na chini. Baba alivifungua vibati vyote. "Hivi vikibakia, ampli zitapigana, moja itaungua," alituambia. Kisha akapeleka waya mwembamba kutoka ampli ya mkubwa hadi juu, na waya mnene kutoka ya mdogo hadi chini, kwenye bafle zote mbili. Mkubwa aliambiwa amepewa sauti za waimbaji. Mdogo, kwamba amepewa nguvu. Kila mmoja akatabasamu kwa kuamini ndiye aliyependelewa.

Wakwe walifika, watu wakacheza. Kabla mkeka haujatandikwa likazuka neno la nani apewe mbuzi dume. Baba Mudogo akainuka, akazima ampli yake, akaanza kukunja waya. Besi ikakatika. Wachezaji wakasimama, akina mama wa upande wa wakwe wakaangaliana.

Ndipo Baba Mukubwa, ambaye siku nzima hakuwa amemtamkia mdogo wake neno, akapaza sauti.

"Wilondja! Rudisha ile besi! Muziki yangu inalia kama mbu, na bakwe banatuangalia!"

Baba Mudogo akasita. "Unaona sasa? Bila mi, hauna kitu."

"Na weye bila mi? Utabakia na ngoma bila wimbo. Kuya tu, rudi."

Watu wakacheka, Baba Mudogo naye akashindwa kujizuia. Waya ukarudi, mkeka ukatandikwa, mahari ikapokelewa.

Kwa miaka nilisimulia kisa hiki kama habari za ufundi wa Baba. Kisha nikanunua bafle zangu mwenyewe, nikagundua kulikuwa na njia nyepesi zaidi: ampli moja kwenye bafle ya kulia, nyingine kwenye ya kushoto, bila kufungua kibati hata kimoja. Nikampigia Baba simu kumuuliza kama siku ile hakuijua njia hiyo.

"Nilijua," alisema. "Lakini kila mutu angekuwa na muziki yake muzima. Angeenda nayo."

Nikaikumbuka ile aibu niliyomwonea, nikampenda kuliko siku zote.