Uzi wa Mama Niliomvisha Beberu

Siku ile, mwanangu, niliufungua uzi wa mama yangu nguzoni nikamvisha beberu. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu ni tatu tu, na moja nadhani ni masizi. Bado nasoma shule ya mapadri, bado nachapwa. Lakini jambo hili limenizeesha, basi nisikilize.

Hapa kwetu Ihembe, mama akijifungua kwa taabu, mkunga humsokotea uzi wa mgomba, akatia simbi moja, kombe dogo la pwani, akaufunga kwenye nguzo ya kitanda. Uzi ukiwapo, baba hulala upande wa pili wa nyumba, na mimba haiingii. Mama akirudiwa na nguvu huufungua mwenyewe. Baba haulizi, mama hasemi. Ndivyo ilivyo.

Mama alikuwa amezika watoto wawili walionifuata, na huyu wa tatu, mchanga bado, alimtoa damu nyingi. Bibi Kokushaba, mkunga wetu, alimwambia nami nikisikia: "Pumzika mpaka huyu aweze kuchunga mbuzi. Ukibeba mimba kabla, mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Nilisikia vizuri. Ila padri alitufundisha kuzicheka hirizi, na kucheka ndilo somo pekee ambalo sijachapwa kwalo. Nikamfunga beberu uzi shingoni, nikawaita wenzangu.

"Mwamkieni mzee huyu. Amekatazwa kuzaa."

"Shikamoo, babu," wakamwambia, wakacheka hadi wakakaa chini. Tulipomaliza kucheka, beberu alikuwa ameutafuna uzi, simbi imepotea majanini. Nikanyamaza.

Baba alipoona nguzo tupu, alidhani ameitwa. Mama naye alidhani baba ndiye aliyeufungua, na mke angemuulizaje mume jambo lile?

Tumbo lilipoonekana, Bibi Kokushaba alikuja na ukali wake. "Wewe mwanamume, hata subira huna?"

"Uzi ulifunguliwa," baba akasema.

"Si mimi," mama akasema.

Wakatazamana wote watatu. Hapo ningeweza kusema. Nilichukua kibuyu nikaenda kuchota maji, mimi ambaye huwa sitaki hata kutumwa.

Basi, mwanangu, cheka vyako. Alichokiweka mwanamke ili mwili wake upumzike, kukiondoa ni kazi yake peke yake, si ya mumewe wala ya mwanawe mpumbavu. Na ukikosea, sema mapema, kabla kusema hakujakosa faida. Mungu akupe ulimi jasiri kuliko wangu, akuachie mama yako mpaka umchoke.

Mimi nilisema asubuhi mtoto alipokwisha kuzaliwa. Bibi Kokushaba alikuwa ametuma watu wawaite wajomba waje wamuage dada yao, na damu ilikuwa haijakatika. Nilimsimulia mama yote, hata lile la shikamoo. Akasema:

"Ungeniambia siku ileile, ningefunga uzi mwingine. Haya, mpokee mdogo wako, mimi mikono imekwisha nguvu."