Nilifumua mshipi wa mama yangu kwa kuamini mchoro uko kwa kompyuta

Wakuu, na nyinyi vijana mnaochora na laptop, someni hii. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini sitawadanganya.

Mjukuu wangu Chelangat huchora mapambo ya nguo za harusi pale Litein. Kuna program ya bure na kuna ya kulipia kila mwezi. Mwalimu wake alimwambia achukue ya bure, faili akae nayo mwenyewe.

Akacheka. "Kogo, hiyo ni ya watu wa kujaribu-jaribu. Client akiiona atanikimbia."

Kogo ni mimi, nyanya yake.

Koito yake, siku ya familia kukubaliana posa, ilikuwa imebaki nusu mwaka. Nikatoa legetiet ya mama yangu, ule mshipi wa ngozi wenye shanga unaofungwa na mama aliyezaa. Ngozi ilikuwa imeoza. Akaichora mstari kwa mstari, siku nne, mimi nikimsomea rangi.

Akasema, "Imeingia, Kogo. Haiwezi potea."

Basi mimi mwenyewe nikachukua wembe nikakata uzi. Nilitaka shanga zile zile ziende kwa mshipi mpya. Za siku hizi ni plastiki, hazina uzito.

Pesa ya chai ikapungua, miezi ikapita bila yeye kulipia ile program aliyochagua. Aliporudi kulipa, wenye program wakapokea, wakamfungulia akaunti tupu. Kumbe mchoro ulikuwa unakaa kwao, si kwa laptop.

"Kogo, hakuna kitu."

"Tafuta."

"Nimetafuta."

Shanga ziko kwa sufuria, zimechanganyika. Nilikaa nazo wiki nzima. Mistari mitatu nilikumbuka. Wa nne, mikono ilikataa, na Chelangat naye hakukumbuka. Nikabuni.

Siku ya koito wageni walisifu sana. Mimi niliangalia ule mstari wa nne nikachoka. Zaidi yangu na Chelangat, hakuna mwingine aliye hai aliyeuona mshipi ukiwa mzima.

Sisemi cha kulipia ni kibaya. Nasema kazi ya mkono wako isikae nyumba ya mtu mwingine. Wenye kujua zaidi, semeni hapa chini, na kama kuna njia ya kurudisha, niambieni. Matusi sitajibu.

Kwangu nimeshasema: Chelangat aweke ile ya bure, kila mchoro uchapwe kwa karatasi uletwe mkononi mwangu, na hakuna mtu atakata tena uzi wa kitu cha zamani kwa hii nyumba, hata mimi.