Leso ya Kukhu na Macho ya Mama Shiro

Utotoni mwangu, katika nyumba yetu ya ghorofa ya tatu pale mtaa wa Mowlem jijini, hatukuwahi kula mlango ukiwa wazi. Hata joto lizidi, hata moshi wa stovu ya mafuta taa utuchome macho, Kukhu alihakikisha komeo limeingia ndipo sufuria ifunuliwe. Kukhu ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mamake mama. Alitoka Bungoma kuja kumlea mdogo wangu Wekesa, kwa sababu mama alishinda kiwandani akishona nguo na baba alifuata vibarua vya mjengo popote vilipopatikana.

Sababu ya komeo ilikaa mlango wa pili. Iliitwa Mama Shiro.

Mama Shiro aliuza mitumba ya watoto. Alikuwa mwanamke mnene wa Murang'a, mwenye sauti ya kuitia wateja hata alipokuwa anakusalimia wewe peke yako, na macho makubwa yaliyotulia juu ya kitu kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa vibaya na jamaa zangu. Hakuwa na kengeza. Macho yake hayakuwa mekundu. Alikuwa na macho makubwa tu, na aliangalia.

Wekesa alipozaliwa, Mama Shiro alikuja kumwona. Akamfunua kifua na kumtemea mate kidogo, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtoto. Kwake ilikuwa heshima kubwa. Kukhu, aliyekuwa ameketi kitandani, alingoja mlango ufungwe.

"Mate ya baraka hutoka kwa mzee wa ukoo," alisema. "Si kwa mpangaji."

Mama akacheka. Kukhu hakucheka, akampangusa mtoto kwa ncha ya leso yake, ile kanga ya rangi ya kahawia iliyopauka aliyojifunga kiunoni, akasema tungoje tuone.

Tukaona. Kabla hajatimiza mwaka, jicho moja la Wekesa lilianza kucheza peke yake, likitetemeka huku jingine limetulia. Kisha asubuhi moja mkono na mguu wake wa kulia vikalegea kama nguo iliyoloweshwa. Hakuwa na homa, na hakuwa amezirai. Alitutazama tu, akilia kwa mdomo uliopinda. Kukhu alimfunika leso gubigubi ili asionekane na jicho lolote, akamweka penye giza nyuma ya pazia, akamwimbia mpaka akalala. Alipoamka alikuwa mzima, anaitafuta chupa yake kwa mikono yote miwili. Safari iliyofuata ulikuwa upande wa kushoto.

Sasa fikiria lilivyokuwa jambo hilo machoni mwa mtoto kama mimi. Bibi alisema kuna jicho la husuda, na kweli ugonjwa ukaja. Alisema mtoto afichwe, alale, na kila alipolala akaamka mzima. Upande wa pili kulikuwa na mama na karatasi zake za kliniki. Kliniki ya kwanza walisema malaria. Ya pili, minyoo. Ya tatu wakampa dawa ya kifafa iliyomfanya ayumbe kama mlevi na isizuie lolote. Kila mara mama alipomkimbiza hospitali, Kukhu alikuwa ameshamfunika, au mtoto alisinzia mgongoni njiani, na daktari alipomwona alikuwa anarukaruka kitandani. Daktari mmoja alimwambia mama apunguze wasiwasi, kisha akamuuliza kama nyumbani kuna amani. Mama alirudi ameuma midomo.

Watoto wa ploti, wa wapangaji wenzetu, walikuwa na lugha yao. "Niaje, Naliaka?" waliniuliza ngazini. "Bro yako amezima tena?" Niliwatukana, lakini nilijua hawajakosea. Alizima na kuwaka.

Kukhu alinipa kazi. Likizo zilipofika, nilitakiwa kukaa dirishani na kumwambia kila mlango wa Mama Shiro unapofunguka. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii niliyokuja kuipeleka chuo kikuu baadaye. Na ushahidi ulikuwepo. Asubuhi, jua likishafika veranda, Kukhu alimwogesha Wekesa kwenye karai hapo nje. Saa hiyohiyo Mama Shiro alitoka kuanika nguo alizofua. Alisimama, akatabasamu, akasema, "Haiya! Huyu kijana ni mrembo kama msichana!" Na mara nyingi, hata kabla Wekesa hajapanguswa vizuri, kichwa kiliinama, mkono ukalegea. Kukhu aliniangalia. Niliitikia kwa kichwa. Tulikuwa mashahidi wawili tuliokubaliana.

Wekesa alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi siku Mama Shiro alipomshika mama penye mfereji wa maji, nami nikiwa nyuma na jerikani.

"Mama Naliaka, nimekutafuta. Niko na kastama wangu, nesi wa hospitali kubwa. Nimemwambia juu ya huyo mtoto wenu, vile anapooza huku, kesho ni huku. Anasema msipoteze wakati na hawa wa mtaani. Kuna daktari wa ubongo wa watoto peke yao. Hawako wengi Kenya hii. Huyo anakaa kliniki Jumatano."

"Tutapangaje foleni?"

"Nesi atawapangia. Lakini amesema kitu moja, na ushike vizuri. Mtoto aende akiwa vile. Asilale njiani. Akilala, daktari ataona nini?"

Mama alirudi amebadilika uso. Alipomweleza Kukhu, nilidhani naye atafurahi. Kukhu aliweka chini ungo wa mchele.

"Nani alimwambia kwamba usingizi ndio dawa yetu?"

"Kuta ni nyembamba, mama. Anasikia ukimwimbia."

"Anasikia. Anaona. Na sasa anataka mtoto asilale." Aliongea taratibu, kama mtu anayemfundisha mjinga kuhesabu. "Aliyefunga kamba ndiye anajua fundo liko wapi. Huyo daktari ni wa nani? Nesi ni wa nani? Wote wametoka kwenye mfuko wa Mama Shiro."

"Mtoto wangu hatembei vizuri," mama akasema. "Wenzake wanaongea, yeye maneno ni matatu. Nikingoja upate daktari usiyemshuku, mtoto atakuwa na ndevu."

Sijawahi kumsikia mama akimjibu hivyo, kabla ya siku hiyo wala baadaye. Kukhu alisema sawa, twende, lakini naye atakuja. Na leso itakuja.

Jumatano asubuhi Kukhu alimwogesha Wekesa kwenye karai, akimsugua vizuri kwa sababu mtu haendi kwa daktari mkubwa na shingo chafu. Mlango wa pili ukafunguka. "Mungu awatangulie," Mama Shiro akasema, akimtazama mtoto kwa huruma. Kabla hajamaliza, bega la kushoto la Wekesa lilishuka, naye akaanguka upande ndani ya maji. Kukhu alimnyakua. Hata mama aligeuka akamtazama jirani yake kwa namna ambayo Mama Shiro aliielewa, kwa sababu alirudi ndani akaacha nguo ndani ya beseni.

Mimi nilipewa jukumu la kumzuia Wekesa asilale. Nilimpulizia usoni, nikamvuta sikio, nikamwimbia nyimbo za shule kwa sauti mbaya. Tulipofika kwenye benchi la kliniki nilikuwa nimekauka koo. Watoto wa hapo walikuwa wa namna ambayo sikuwahi kuiona pamoja: wenye vichwa vikubwa, wenye miguu iliyopishana kama mkasi, wengine wakubwa kama mimi wamebebwa mgongoni. Mama aliingia ndani kumtafuta yule nesi. Nikabaki na Kukhu.

"Naliaka," Wekesa akasema, ulimi umemlemea. "Lala."

"Bado. Angalia ule ukuta una twiga. Twiga analiaje?"

Jicho lake zima lilikuwa linafumba. Nikamfinya mkono. Akalia kidogo, kilio cha mtu asiye na nguvu.

"Wewe msichana!" alisema mama mmoja aliyeketi mkabala. "Mwache mtoto alale, jamani. Mnamtesa kwa nini?"

Benchi zima likanitazama. Nilihisi macho yale yote, na kwa mara ya kwanza nikajua ilivyo kutazamwa namna hiyo. Kukhu akaona nafasi yake. Aliifungua leso kiunoni akamfunika Wekesa kichwa na mabega, akaanza kuimba kwa kilugha, polepole, ule wimbo ambao mimi mwenyewe ulinilaza.

Kulikuwa na sauti mbili kichwani mwangu. Mama alikuwa ameniambia asilale. Lakini asilale ilikuwa pia amri ya Mama Shiro, na Kukhu hakuwahi kukosea: kila alipomfunika, aliamka mzima. Kama jirani yetu alikuwa mbaya, basi mimi ndiye niliyekuwa mkono wake pale benchini. Kisha nikaivuta leso, nikaikalia.

Kukhu aliukatisha wimbo. Aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia Mama Shiro.

"Na wewe," akasema, "wamekupata."

Hapo ndipo mama alipojitokeza mlangoni akatupungia mkono.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu vya raba. Hakuandika chochote mwanzoni. Aliuinua mkono wa kushoto wa Wekesa, akauachia, ukaanguka. Akamulika tochi machoni, akangoja, akaona jicho likianza kucheza. Akavuta kiti karibu.

"Huwa upande huu tu?"

"Hubadilika," mama akajibu.

"Akilala, akiamka, huwaje?"

Mama alifungua mdomo, lakini Kukhu alitangulia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna, shosho. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. Kuna magonjwa mengine yanayofanana nao, lakini huu usingizi huufungua. Sasa mwacheni alale, nimwone akiamka."

Nilimpa Kukhu leso yake. Ilikuwa na joto langu. Alimlaza Wekesa kwenye kile kitanda cha plastiki, akamfunika, akaimba mbele ya daktari bila aibu, na daktari akazima taa ya juu ili amsaidie. Alimwona mgonjwa mwingine katika chumba cha pili akarudi. Wekesa alipoamka alinyoosha mkono wa kushoto, akakishika kile kifaa cha kusikilizia moyo shingoni mwa daktari, akakivuta kwa nguvu zake zote. Mama alilia. Daktari ndipo akachukua kalamu.

Ugonjwa una jina refu la kizungu ambalo ukilifungua linasema kupooza upande kwa zamu, utotoni. Alituambia ukweli: ni nadra, hauponi, upo uwezekano wa kupunguza ukali. Kisha akauliza ni vitu gani huuamsha. Mwanga mkali? Kelele? Furaha nyingi? Kuoga?

Nilimtazama Kukhu, naye alikuwa anatazama mikono yake. Asubuhi zote zile verandani, mbele ya karai, tulimwangalia mwanamke aliyeanika nguo. Hakuna aliyeyashuku maji.

Sitadai kwamba Kukhu aliacha kuamini. Jioni ile alipika kuku, tukala mlango umefungwa kama kawaida. Lakini kabla ya komeo kuingia alipakua sahani ya kwanza, akaifunika kwa nyingine, akanituma kwa Mama Shiro. Nilimkuta ameketi kati ya marobota yake, macho yake makubwa yamevimba. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Mtoto ameonwa?"

"Ameonwa."

"Alikuwa macho?"

"Alikuwa macho."

"Asante Yesu," akasema, akaanza kula akiwa amesimama.

Nimeifikiria sahani ile kwa miaka mingi. Kwetu, jirani aliyekutendea mema hupelekewa chakula. Lakini pia mwenye jicho hulishwa kwanza, ili asiwe na sababu ya kukitamani cha mtoto wako. Kukhu amelala Bungoma sasa na sikuwahi kumuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Niliogopa jibu, na bado naliogopa.

Wekesa amekuwa mwanamume mwenye ndevu kweli, kama mama alivyotabiri. Anatembea kwa kuyumba, anaongea polepole, anapenda mpira kupita kiasi, na furaha ya bao humwangusha kama maji yalivyomwangusha zamani. Ameshapita umri wa kliniki ya watoto, na kutafuta kumeanza upya. Madaktari wa watu wazima husoma barua yake, kisha hunitazama mimi kwa namna ninayoijua, kama dada mwenye wasiwasi uliozidi. Mmoja ameniuliza kama nyumbani kuna amani. Nami huwatazama vilevile, nikijiuliza nani ametoka kwenye mfuko wa nani.

Leso ya kahawia iko kwangu. Wekesa akizima, huwa naikunja mapajani kwanza. Nachukua simu, naurekodi mkono ukianguka, naurekodi uso, nalirekodi jicho linapocheza, huku yeye akiniambia, "Naliaka, lala," na mimi nikimjibu, "Bado kidogo." Nikishapata cha kumwonyesha daktari, ndipo ninamfunika na kuimba. Kisha nainuka kwenda mlangoni kutazama kama komeo limeingia.