Kengele ya Nthiwa

Baiskeli ya Nthiwa haikuwa na kengele. Aliing'oa kwa spana siku ile ile aliyoinunua, papo hapo dukani, akamwekea Mhindi mwenye duka mezani. "Hii baki nayo," akamwambia. "Kengele ni ya kuita boi."

Na alijua alichosema. Alikuwa tarishi katika ofisi ya mawakili katikati ya mji, na bwana wa pale alikuwa na kengele ndogo ya shaba juu ya meza. Ikilia ting, Nthiwa aliacha kila kitu, hata kama mkate umo mdomoni, akakimbia. Chai. Ting. Funga dirisha. Ting. Si nimekwambia ufungue dirisha? Mtu mzima na ndevu zake, baba wa mtoto, akiitwa kwa kidole kimoja cha mtu aliyeketi. Jambo hilo lilimla ndani kwa ndani kama mchwa.

Lakini msimwonee huruma upesi, ngojeni kwanza. Nairobi ya miaka hiyo ya hamsini wengi waliitwa kwa kengele, na kwa filimbi, na kwa teke, na hawakugeuka sumu kwa wenzao. Nthiwa aligeuka.

Alikaa Ngara, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya Mhindi mmoja, yeye na mkewe Munyiva. Mtoto wao, Mwelu, walikuwa wamemwacha Ukambani kwa bibi yake. Sasa sikieni mchezo aliokuwa akiupenda. Jioni akitoka kazini alisukuma baiskeli polepole mpaka mlangoni, Munyiva akiwa ameinamia jiko, kisha akapiga kelele kwa sauti ya kukwaruza: "Askari! Fungua!" Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na askari walikuwa wakija kweli, milango ikivunjwa kweli, na mwanamke asiye na karatasi ya kukaa mjini akitupwa ndani ya lori kweli. Munyiva aliangusha mwiko akajitumbukiza chini ya kitanda. Nthiwa alishika mbavu.

"Mama Mwelu, mbio hizo! Ungekuwa farasi ningekuingiza mashindanoni!"

Alicheka hata siku ile uji ulipommwagikia Munyiva mkononi ukamwachia kovu. "Umezoea kulia," alisema. "Mimi natania tu."

Mahali pamoja tu hapa duniani palimfanya Nthiwa awe mtu, napo ni kwenye mteremko. Alikuwa katika kwaya ya kanisa lao, vijana na watu wazima wa Ukambani na wa upande wa ziwa, na kila Pasaka kwaya hiyo ilipanda baiskeli. Walitoka Ngara alfajiri, wakapita Westlands na Kangemi na Kinoo, wakapanda hadi Limuru huku mapaja yakiwaka moto, kisha wakashuka ule ukingo mkubwa wa bonde kwenda Naivasha, kuwaimbia ndugu zao waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi. Aliyebeba ngoma kubwa kwenye keria ndiye aliyekuwa kiongozi, na kiongozi alishuka wa kwanza. Tangu kwaya ianze safari hizo, ngoma ilikuwa kwenye keria ya Nthiwa.

Na mpeni haki yake: kushuka alijua. Wengine waliyashuka makona kwa sala, yeye aliyashuka kwa akili. Alikaa nyuma kabisa ya kiti, pedeli mbili zikilingana, viwiko vimelegea. Alishika breki kabla ya kona, akaiachia ndani ya kona. Macho yake hayakuwa kwenye gurudumu, yalikuwa kule mbali anakotaka kwenda, kwa maana jicho likitazama shimo na gurudumu nalo linalifuata. Wakati wa kurudi, watu wa Kinoo walitoka vibandani kumtazama akishuka na ngoma nyuma yake. Hapo hakuna aliyempigia ting.

Basi akaja Ogutu.

Nashon Ogutu alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja mjini, mwembamba, mpole, mwenye sauti nzuri ya kwaya na hofu kubwa ya mteremko. Akishuka alizibana breki toka juu hadi chini, zikilia kama nguruwe anayechinjwa. Mzee wa kanisa akamwambia Nthiwa, "Mfundishe huyu ndugu." Nthiwa akatabasamu. Mbuzi amekabidhiwa fisi.

Alimfundishia kwenye mteremko wa Makumbusho, ule unaoshuka hadi mtoni. Kila Jumapili baada ya ibada, kwaya nzima ikikaa kwenye majani kutazama, maana ilikuwa burudani. Mambo yote aliyomwambia yalikuwa sawa, nasema tena, yote yalikuwa sawa, ila aliyatia pilipili. "Legeza mikono, wewe si mwanamke anayebebwa kwenda kujifungua!" "Breki kabla ya kona! Au kwenu kona mnazila?" Kisha alimfuata kwa nyuma, karibu, na Ogutu alipoanza kupata kasi, Nthiwa alipiga yowe: "Lori! Ogutu, lori nyuma yako!"

Ogutu aligeuka. Gurudumu likafuata jicho, akaingia mtaroni uso mbele, akaacha jino pale. Lori halikuwapo. Kwaya ilicheka mpaka machozi, na aliyecheka zaidi alikuwa Kisilu, rafiki mkubwa wa Nthiwa. Niseme ukweli, hakuna hata mmoja aliyeinuka kumnyanyua.

Nthiwa alisimama juu yake. "Umeona? Ukiwa kwenye mteremko hugeuki. Shika njia yako. Hata nikikwambia mama yako anakufa huku nyuma, usigeuke."

"Nimesikia, ndugu," Ogutu akasema, damu imemjaa mdomoni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa "Gurudumu lako linachomoka!" Akageuka, akaanguka. Iliyofuata, Nthiwa alilia kabisa, akabadili sauti ikawa ya mtu anayekufa: "Nimeumia, omera, nimeumia!" Ogutu akageuka, akaanguka, akaamka akakuta mwalimu wake anacheka. Omera ni ndugu, kwa lugha ya kina Ogutu. Nthiwa alikuwa amejifunza neno hilo kwa ajili ya siku hiyo tu.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga hawakukosea. Siku moja Nthiwa alipiga makelele yote aliyoyajua, ya lori, ya nyuki, ya askari, na Ogutu akashuka moja kwa moja hadi mtoni, shingo imenyooka, kama hakuzaliwa na masikio. Kwaya ikampigia makofi. Hayo makofi Nthiwa hakuyapenda.

Na mambo yakazidi. Ogutu sasa alishuka vizuri, na wageni wa kwaya wakaanza kumwendea yeye awafundishe. Aliwaambia maneno yale yale ya Nthiwa, bila pilipili. Kufikia Pasaka ya mwaka wa hamsini na tisa, walipokuwa wanapumzika Limuru, ukungu umetanda na mvua za masika zikinyunyiza, Kisilu alitafuna muhogo wake akasema mbele ya wote, "Mimi naona mwaka ujao ngoma abebe Ogutu. Tumechoka kutukanwa. Aliye juu mngoje chini, Nthiwa."

Watu wakacheka. Na safari hii walimcheka yeye.

Nthiwa alihisi joto likimpanda hadi masikioni. Kumnyang'anya ngoma ilikuwa kumrudisha kwenye ting, Jumatatu hadi Jumapili, pasipo hata siku moja ya kuwa mtu. Akaapa moyoni: leo Ogutu ataanguka mbele ya kwaya nzima, kwenye ukingo, na habari ya ngoma itakwisha.

"Sawa," akasema, akitabasamu. "Basi leo atangulie yeye. Mimi nitafuata, nione kama mwanafunzi wangu amehitimu."

Ogutu alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli ya Nthiwa. "Ndugu, raba zako za breki zimekwisha. Chuma inagusa chuma. Ninazo za akiba, zichukue."

"Nimekuomba?"

"Na rimu zimelowa. Tukianza, gusagusa breki mapema zikauke. Wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Ogutu, panda baiskeli."

Wakaanza kushuka. Upande wa kulia ukuta wa mwamba, upande wa kushoto bonde, limefunikwa na ukungu usione mwisho wake. Ogutu alikwenda mbele, akigusagusa breki, akizikausha. Nthiwa alimganda nyuma, na nyuma yao kwaya ikaacha nafasi kubwa, kama walivyofundishwa. Nthiwa hakugusa breki. Alikuwa na kazi nyingine.

"Lori! Lori nyuma yako!"

Mgongo wa Ogutu haukutikisika.

"Ogutu, keria yako inaanguka! Ogutu, Kisilu ameanguka! Amekufa!"

Kona ya kwanza Ogutu aliikata vizuri, kona ya pili vizuri zaidi. Hasira zikampanda Nthiwa. Akasogea karibu zaidi, akatoa ile sauti ya kufa, na ngoma kwenye keria ikimsukuma, na mteremko ukizidi. Alipotaka kupunguza mwendo, akabana breki. Chuma kikateleza juu ya chuma kilicholowa. Akabana kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikazidi kukimbia.

"Ogutu! Breki! Sina breki! Nipishe!"

Mgongo haukutikisika.

"Ogutu! Wallahi sina breki! Omera! Omera, nakufa!"

Mbele, kwenye kona, lori la viazi lilikuwa likipanda, limejaza upande wa kulia. Kushoto, bonde. Katikati, Ogutu. Na hapa msije mkamfanya Nthiwa shujaa. Aliwaza kwa haraka, na alichowaza ni hiki: mwili wa Ogutu ni laini kuliko mwamba. Akaamua kumgonga. Alimlenga, akijua mmoja wao ataingia bondeni na atahakikisha si yeye.

Lakini Ogutu alikuwa amefika pale alipofundishwa aachie breki. Akaziachia, akainama na kona, akateleza mbele kama samaki. Nthiwa akamkosa kwa upana wa kiganja, akapita nyuma ya lori, akakutana na mwamba.

Kamba zikakatika. Ngoma ikabingirika barabarani, ikampita Ogutu, ikashuka ikidunda hadi chini kabisa, kule kwenye kanisa dogo walilojenga mateka Wataliani wakati wa vita. Mwaka huo ngoma ndiyo iliyofika ya kwanza.

Nthiwa hakufa. Uti wa mgongo ulivunjika, miguu ikawa magogo, na mkono mmoja ukapooza. Alilazwa muda mrefu, kisha akarudishwa Ngara kwa mkokoteni. Ofisini tayari palikuwa na tarishi mwingine. Ile ting haikumwita tena.

Ogutu alikuja kumtazama. Alikaa kwenye kigoda, kofia mikononi. Nthiwa alimkazia macho kutoka kitandani.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia, ndugu."

"Ukanisikia nikisema sina breki?"

"Nilisikia yote. Hata omera nilisikia."

"Na hukujua kwamba ilikuwa kweli? Sauti haikuwa nyingine?"

Ogutu hakuwa mtu wa kusema uongo, hata kwa mgonjwa. "Ilikuwa nyingine. Lakini hata siku ile ya Makumbusho ilikuwa nyingine. Wewe unajua sana kutania, ndugu. Na uliniambia nisigeuke."

Nthiwa aligeuza uso ukutani. Ogutu akatia mkono mfukoni, akatoa kengele ya baiskeli, mpya, inang'aa. Aliifunga kwa spana kwenye chuma cha kitanda, upande wa mkono ulio mzima. "Mama Mwelu anakuwa nje akifua," akasema kwa upole. "Ukihitaji kitu, mwite."

Alisema kwa moyo mweupe, huyo Ogutu. Mtu mbaya asingeweza kupata wazo la kikatili hivyo.

Siku za kwanza Nthiwa hakuigusa. Aliona afadhali kiu, aliona afadhali kulala kwenye mkojo kuliko kupiga ting. Munyiva aliingia kwa wakati wake, akambadilisha shuka, akatoka.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya jua kali. Bomba la uani lilikuwa na wanawake wengi, vicheko vinasikika, maji yanamwagika. Ndani, Nthiwa alikuwa amejaribu kufikia kikombe cha maji akateleza, nusu ya mwili chini, nusu juu, blanketi limemzunguka shingoni. Kadiri alivyojinasua ndivyo lilivyokaza. Alitaka kupiga kelele, pumzi ikawa ndogo. Mkono ukapapasa, ukaikuta kengele. Akaipiga.

Kring.

Akangoja. Vicheko vikaendelea. Akapiga tena, na tena, kring, kring, kring, mpaka kidole kikafa ganzi.

Nje, jirani aliacha kufua. "Munyiva, mumeo si anakuita?"

Munyiva alikamua shuka kwa mikono miwili, mkono wenye kovu juu. Aliikamua mpaka tone la mwisho, akaikung'uta, akaitandaza juu ya kamba, akaanza kuinyoosha pembe moja moja.

"Mwache," akasema. "Huyo anatania tu."