Neema ana surua, na nimemwambia baba yake ni mzima

Jumanne, Mandewa

Admin, habari za kazi. Shikamooni wote mlionizidi umri, na wenzangu nawasalimu. Naomba ufiche jina langu, na kama inawezekana uiweke leo leo, kwa sababu kesho itakuwa nimechelewa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nashona nguo hapa Singida mjini. Elimu yangu ni darasa la saba. Nilizaa watoto wawili na mwanaume wa Kintinku, tukaachana, akaoa mwingine. Wa kwanza ni Neema, ana miaka tisa. Majina nimebadilisha. Wa pili alikuwa Eliya. Eliya alifariki mwaka jana akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa halali mpaka ashike sikio langu, na hata sasa nikijilaza huwa namwachia sikio la kushoto.

Ilikuwa hivi. Nilipomwachisha ziwa, baba yake aliomba ampeleke kwao bibi yake amwone. Nilikubali kwa roho safi. Walikaa wiki tatu. Siku ya kumrudisha nilimpokea stendi, nikaona macho yake mekundu na pua inatiririka.

Nikauliza, "Baba Neema, mtoto ana nini?"

"Mafua ya vumbi. Au umeshakuwa mtu wa mjini sana, vumbi la kwetu umelisahau?"

Nilicheka. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Jioni joto likapanda, nikanunua dawa ya malaria duka la dawa. Nikampa siku mbili, nikijua natibu. Vipele vya surua vilipotoka, kifua kilikuwa kimeshajaa; alikuwa na chanjo ya kwanza tu, ya pili ilimpita. Alikufa wodini siku ya nne, mikono yake imefungwa bandeji za dripu, hakuweza hata kunishika sikio.

Msibani, dada wa mwanaume huyo akaja kunipa pole, akaropoka: "Hata sisi kwetu iliwapitia watoto watatu, ila wetu walipona. Wa kwako alikuwa mwepesi." Nikamuuliza ilipita lini. Kumbe ni siku zile zile Eliya alipokuwa kwao, analala nao mkeka mmoja.

Nilimfuata baba yake nyuma ya nyumba. Akasema, "Mama alikataza. Kwetu ugonjwa ule hautajwi mpaka vipele viwe vimetoka vyote. Ukiutaja mapema unarudi ndani ya mtoto. Ningekwambiaje?"

"Ungeniambia usiku, kwa meseji."

"Hata meseji ni kutaja."

Sikumpiga, sikumtukana. Watu walinisifu kwamba nina moyo mzuri. Kumbe moyo wangu ulikuwa unaomba kitu kimoja tu: siku moja na yeye akae kwenye benchi la wodi, asikilize mtoto wake akivuta pumzi kama mtu anayesukuma mlango. Tangu hapo nimeliomba hilo kanisani huku nimefumba macho kama wenzangu.

Sasa sikilizeni. Neema amekwenda Kintinku likizo hii, wiki nzima, amerudi Jumapili. Mke mpya ana mtoto wa kike wa miezi saba, na Neema ndiye aliyekuwa mlezi, anambeba mgongoni kutwa. Leo asubuhi Neema ameamka na vipele nyuma ya masikio. Nikamkimbiza kituo cha afya. Nesi akasema inafanana na surua, huenda aliipata shuleni kabla hawajafunga, na watoto wengine wa darasa lake wameshaletwa. Neema alishachanjwa, anaendelea vizuri, anadai chipsi.

Nesi akaniuliza, "Wiki iliyopita alikaa na watoto gani?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Miezi saba hajafikia chanjo huyo. Mama, piga simu sasa hivi. Wampeleke kliniki leo, ikishindikana kesho asubuhi, wasisubiri vipele, bado anaweza kukingwa. Umenielewa?"

Nikajibu nimeelewa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi na simu mkononi. Kabla sijabonyeza, ikaita yenyewe. Ni yeye.

"Mama Neema, binti kasahau sweta lake huku. Anaendeleaje?"

Nikasema, "Ni mzima."

"Huyu mdogo wake anamtafuta, kila akisikia mlango anageuka."

"Msalimie," nikasema, nikakata.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilisikia raha. Nilirudi nyumbani nikapika ugali na mlenda, nikala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nimzike Eliya. Kisha Neema akaniuliza, "Mama, umewaambia? Maana kale katoto kalikuwa kananilamba shavu."

Nikamjibu nimeshawaambia. Akalala.

Nikisema kweli, nitakuwa nimempa yule mwanaume onyo ambalo mwanangu hakupewa. Mtoto wake atapona, mama yake atampakata mjukuu, nao watasahau. Wa kwangu atabaki kaburini peke yake. Mimi sitaki wasahau. Na yule mke mpya hajanikosea chochote, huwa ananiita dada, lakini hata hilo halijanifanya niinue simu. Nimeandika meseji mara nne: "Neema ana surua, mpelekeni mtoto kliniki." Mara nne nimeifuta. Jua linazama, na gari la asubuhi la kutoka kwao kwenda hospitali ni moja tu.

Niambieni ninyi mnaoweza kufikiri bila kaburi mbele ya macho: nitume, au niache na yeye ajue? Wa kunitukana anitukane, nitasoma yote. Na mkimaliza kunijibu, mnikumbuke kwenye maombi yenu, mimi na Eliya wangu.