Bastola ya Dalali wa Ngamia

Dalali wa ngamia tunayepakana naye ua hapa Garissa huongea polepole, kana kwamba bado anamtuliza mnyama, na mikono yake haikosi cha kupapasa: shingo ya mbuzi, tasbihi, kichwa cha mtoto. Majambazi walipomvunjia mlango na kumpiga mkewe, aliomba kibali, kisha akaniomba nimsindikize Nairobi kuchagua bastola, ya kwanza maishani mwake. Muuzaji alimpangia tatu mezani. Alizigusa kwa ncha za vidole, kama anayegusa chungu cha moto. "Nipe ile ndogo," alisema, "ile watoto hawataona."

Siku hizi hulala nayo kiunoni hata mchana barazani. Alasiri moja mjukuu wake, Ramlo, alimjia mbio kumkumbatia. Mzee alishtuka usingizini, na mkono ukaenda kiunoni kabla macho hayajafunguka. Mtoto akaona. "Kaalay, awoowe, njoo kwa babu," alimbembeleza, lakini Ramlo alirudi kinyumenyume hadi langoni. Tangu hapo husimama nje na kupiga hodi, naye mzee humwitikia karibu, karibu, huku ameiweka mikono yote miwili magotini, mtoto aione.