Senene wa Mutukula

Leo mjini Bukoba, karani wa kubadilisha fedha amelamba kidole gumba ndipo akahesabu noti zangu. Nikakumbuka Mutukula.

Nilikuwa mdogo, nimeng'ang'ania kanga ya mama pale mpakani Mutukula. Mbadilisha fedha alihesabu shilingi za Uganda kwa kidole kinachochuruzika mate. Kwa kidole hichohicho akachota senene, wale panzi wa kukaanga, mfukoni, akaninyooshea.

"Kula, mwanangu," mama alininong'oneza. "Ukikataa senene wa mtu umemtukana, na bei kama hii hatuipati kwingine."

Nikatafuna. Walinuka jasho na noti kuukuu. Kinyaa kitupu!

Nyumbani mama aliwatambia majirani bei nzuri aliyoipata. Hakuwaambia kwamba gharama yake niliimeza mimi.